Ziwani au Shambani? Jinsi ya Kuchagua Chanzo cha Omega-3



Sisi wa fani ya lishe tunaulizwa maswali kila tuendako, kliniki, harusini, hata misibani, na mojawapo ya yanayojirudia ni hili: kati ya mafuta ya mimea na mafuta ya samaki, yapi bora kwa mtu anayetafuta omega-3? Anayeuliza huwa ameshapita dukani akaona vidonge vya mafuta ya samaki upande mmoja na pakiti za mbegu za chia upande wa pili, vyote kwa bei ya kumfikirisha mtu mara mbili. Anataka jibu la neno moja.

Jibu la neno moja halipo, lakini jibu lililo wazi lipo, nami nitalitaja mapema ili mnipime nalo hadi mwisho. Mimea na samaki havitupi kitu kimoja, japo vyote vimebandikwa jina la omega-3. Kwa hiyo tunapochagua, tuanze kwa kumwangalia anayekula. Mama mjamzito, mama anayenyonyesha na mtoto mdogo watangulizwe kwenye samaki. Sisi watu wazima wengine tuna nafasi pana ya kuchagua. Na kwa kuwa mambo ni hayo, samaki wadogo wa maziwa na bahari yetu wanastahili kulindwa kwanza kama chakula cha binadamu, ndipo chakula cha kuku kifikiriwe.

Watu wa ziwani na watu wa milimani

Mwaka 1996 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika kusini mwa Tanzania, unaojulikana kama Utafiti wa Lugalawa. Paolo Pauletto wa Chuo Kikuu cha Padova, Italia, na wenzake walilinganisha makundi mawili ya wanavijiji. Kundi la kwanza, watu 622, waliishi mwambao wa ziwa na kitoweo chao kikuu kilikuwa samaki. Kundi la pili, watu 686, waliishi kwenye milima ya jirani na chakula chao kilikuwa cha mimea. Wote walikuwa wakulima na wavuvi wa kawaida, mbali na vyakula vya viwandani na maisha ya ofisini.

Tofauti iliyoonekana ni kubwa. Shinikizo la damu lililothibitika lilikutwa kwa asilimia 2.8 ya watu wa ziwani na asilimia 16.4 ya watu wa milimani. Lehemu katika damu, yaani kolesteroli, pamoja na trigliseridi, vilikuwa chini zaidi kwa wala samaki. Damu yao pia ilikuwa na kiwango kikubwa cha EPA na DHA, zile asidi mafuta ndefu za omega-3 ambazo nitazieleza hivi punde.

Napenda tuyasome matokeo haya kwa uangalifu, maana utafiti wa namna hii hauwezi peke yake kuthibitisha chanzo. Watu wa ziwani na watu wa milimani wanatofautiana pia katika hali ya hewa, mwinuko wa ardhi na kazi za kila siku. Lakini kuna jambo la pili ambalo wasomaji wengi hulipita. Watu wa milimani, ambao samaki hawakuwa sehemu ya mlo wao, bado walikuwa na EPA na DHA katika damu. Zilikuwa chache, lakini zilikuwepo. Zilitoka wapi? Swali hilo ndilo linalofungua mlango wa somo letu, kwa sababu jibu lake linaeleza uwezo wa mimea na pia mpaka wa uwezo huo.

Kinachotoka kwenye jani na kinachotoka kwenye samaki

Mwaka 1929 George na Mildred Burr wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, waliwalisha panya chakula kisicho na mafuta kabisa. Ngozi za panya hao zilitoa magamba, ukuaji ulisimama na figo zikaharibika. Walipopewa mafuta kidogo ya aina fulani, walipona. Hapo ndipo sayansi ilipoanza kukubali kwamba kuna asidi mafuta ambazo mwili hauwezi kujitengenezea na lazima ziletwe na chakula. Leo tunajua ni mbili. Moja ni asidi ya linoleiki, ambayo ndiyo mwanzo wa ukoo wa omega-6. Nyingine ni asidi ya alfa-linoleniki, tunayoiita ALA, mwanzo wa ukoo wa omega-3.

Zote mbili hutengenezwa na mimea. ALA imejaa katika utando wa kijani ndani ya majani, pale mmea unaponasa mwanga wa jua. Ndiyo maana mchicha, matembele na kisamvu vina ALA, ingawa kwa kiasi kidogo kwa kuwa majani yana mafuta machache. Maharage nayo yana mafuta kidogo, lakini sehemu nzuri ya mafuta hayo ni ALA. Mbegu za kitani na chia ndizo zinazoongoza, kwani zaidi ya nusu ya mafuta yake ni ALA.

Umuhimu wa ALA kwa binadamu ulionekana wazi mwaka 1982, pale Ralph Holman na wenzake walipoeleza habari za mtoto wa kike wa miaka 6 aliyejeruhiwa tumboni kwa risasi na kulazimika kulishwa kwa mrija kwenye mshipa. Mafuta aliyopewa yalikuwa ya kartamu, mmea wa jamii ya alizeti, yenye omega-6 tele na omega-3 kidogo mno. Baada ya miezi kadhaa alianza kufa ganzi, miguu ikauma na kuishiwa nguvu hadi akashindwa kutembea, na macho yakawa hayaoni vizuri. Madaktari wakabadilisha mafuta hayo wakatumia ya soya, ambayo yana ALA. Dalili zikaondoka. Mtoto huyo alirudishiwa miguu yake na mafuta ya mmea, na yeyote anayedharau omega-3 ya mimea anapaswa kumkumbuka.

Hata hivyo ALA ni hatua ya kwanza tu. Ina kaboni 18 na viungo vitatu vya jozi. Ubongo, retina ya jicho na misuli ya moyo huhitaji zilizo ndefu zaidi: EPA yenye kaboni 20 na viungo vitano, na DHA yenye kaboni 22 na viungo sita. Ini letu linaweza kuirefusha ALA hadi ikawa EPA, kisha DHA. Hivyo ndivyo watu wa milimani walivyoweza kuwa nazo katika damu. Lakini kimeng'enya kinachoanza kazi hiyo ndicho hichohicho kinachoshughulikia omega-6, na mambo huwa kama kwenye mashine moja ya kusaga kijijini, ambapo aliyeleta magunia mengi ndiye anayeishikilia mashine muda mrefu na kuwachelewesha wengine. Kwa mlo wa kwetu wa leo, mwenye magunia mengi ni omega-6.

Na samaki je? Samaki kwa sehemu kubwa si mtengenezaji. DHA na EPA hutengenezwa na mimea midogo ya majini isiyoonekana kwa macho. Wadudu wadogo wa majini huila, dagaa huwala wadudu hao, na samaki wakubwa huwala dagaa. Kwa maana hiyo hata omega-3 ya samaki asili yake ni mmea, isipokuwa kazi ngumu ya kuirefusha imeshafanyika kabla haijafika kwenye sahani.

Hesabu ya kijiko

Tuingie jikoni tupige hesabu. Kijiko kikubwa kimoja cha mbegu za chia, gramu 12 hivi, kina takribani gramu 2 za ALA. Ni kiasi kizuri, na kinatosheleza mahitaji ya ALA yenyewe kwa siku. Lakini ni kiasi gani kitakuwa DHA? Vipimo vilivyofanywa kwa vijana wa kiume vimeonyesha kuanzia karibu sifuri hadi asilimia 4. Kwa wanawake vijana kipimo kimoja kilifika asilimia 9, tofauti inayohusishwa na homoni ya estrojeni. Tukichukua asilimia 1, kijiko chetu kinatoa miligramu 20 za DHA. Tukichukua asilimia 9, kinatoa miligramu 180.

Sasa weka pembeni kiwango kilichopendekezwa na wataalamu walioitwa na FAO na WHO mjini Geneva mwaka 2008: mama mjamzito au anayenyonyesha apate angalau miligramu 300 za EPA na DHA kwa siku, na kati ya hizo DHA isipungue miligramu 200. Hata kwa makadirio ya juu kabisa, kijiko cha chia hakikifikii kiwango cha DHA peke yake.

Kijiko cha pili ni cha mafuta ya alizeti, yale ya kawaida yanayokamuliwa Singida na Dodoma. Kijiko kikubwa kimoja kina karibu gramu 8 za omega-6, na omega-3 yake haifai hata kuhesabiwa. Mafuta ya mahindi na ya pamba ni ndugu zake katika hilo. Mawese na nazi vina omega-6 chache, lakini navyo havileti omega-3. Karanga na ufuta, pamoja na uzuri wake wote, viko upande wa omega-6. Mafuta ya soya na ya kanola ndiyo yanayobeba pamoja nayo ALA ya kueleweka, takribani asilimia 7 hadi 10.

Sisemi haya ili watu wayaogope mafuta ya alizeti. Omega-6 ni ya lazima, na ikichukua nafasi ya mafuta yanayoganda hushusha kolesteroli mbaya. Ninachosema ni kwamba mtu anayekaanga kila kitu kwa alizeti, kisha akanunua chia kwa bei kubwa ili ini limtengenezee DHA, ameliwekea ini hilo kizuizi kwa mkono wake mwenyewe. Afadhali apunguze ukaangaji kwanza, ndipo afikirie mbegu za kununua.

Moyo na vidonge

Matumaini ya omega-3 kwa moyo yalianza kusambaa miaka ya 1970, pale Hans Olaf Bang na Jørn Dyerberg wa Denmark walipochunguza damu ya Wainuiti wa Greenland. Mwaka 1989 jaribio lililofanyika Wales kwa wanaume 2,033 waliopona shambulio la moyo lilionyesha kwamba walioshauriwa kula samaki wa mafuta angalau mara mbili kwa wiki walikufa kwa asilimia 29 pungufu katika miaka miwili.

Kisha vikaja vidonge, na sifa za samaki zikahamishiwa kwenye chupa. Jaribio kubwa la VITAL, lililotangazwa Marekani mwaka 2018, liliwafuatilia watu 25,871 na kuwapa baadhi yao gramu 1 ya omega-3 kwa siku. Halikupunguza kwa kiwango cha kuthibitika jumla ya mashambulio ya moyo, viharusi na vifo vya moyo walivyokuwa wakivipima. Dozi kubwa za gramu 2 hadi 4 hushusha trigliseridi, na madaktari huzitumia kwa sababu hiyo, lakini zimehusishwa pia na ongezeko la mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Hiyo ni tiba ya kuandikiwa na daktari. Si kitu cha kujinunulia.

Kwa hiyo mtu mzima mwenye afya asiuze mbuzi ili anunue vidonge. Akila samaki mara mbili kwa wiki, wakiwemo dagaa au vibua, ametimiza sehemu yake. Asipokula samaki, maharage, soya, mboga za majani na kijiko cha kitani au chia vinamtosha kwa mahitaji ya ALA, na mwili wake utajitengenezea EPA na DHA za kiasi.

Mama na mtoto

Palipo na uzito mwingine ni tumboni mwa mama. Katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito na miaka miwili ya mwanzo wa maisha, ubongo wa mtoto hujikusanyia DHA kwa kasi ambayo haitarudi tena. Akiba hiyo hutoka kwa mama, kwanza kwa kondo la nyuma, kisha kwa maziwa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Groningen, Uholanzi, walilipima jambo hili hapahapa Tanzania. Waliwalinganisha akina mama Wamasai, ambao kwa kawaida hula samaki kwa nadra sana, akina mama Wapare wanaokula kiasi, na akina mama wa Sengerema, karibu na Ziwa Victoria, ambao samaki ni chakula chao cha kila mara. DHA katika damu ya akina mama ilifuata mpangilio huohuo. Lililonigusa zaidi ni kwamba pale mama alipokuwa na DHA ndogo, mtoto alizaliwa na kiwango kinachozidi cha mama yake. Mwili wa mama humpa mtoto hata kile ambacho yeye mwenyewe hana cha kutosha.

Ushahidi wa majaribio nao upo. Mwaka 2018 mapitio ya Cochrane yalikusanya majaribio 70 yaliyohusisha karibu wanawake 20,000. Wajawazito walioongezewa omega-3, hasa zile ndefu, walijifungua kabla ya wiki 37 kwa asilimia 11.9, wakati wenzao walifika asilimia 13.4. Kujifungua kabla ya wiki 34 kulishuka kutoka asilimia 4.6 hadi 2.7. Kila anayefanya kazi katika wodi ya watoto njiti anajua tofauti hiyo maana yake nini kwa familia moja.

Tahadhari mbili. Mjamzito aepuke papa, nduaro na jodari wakubwa kuwa kitoweo cha mara kwa mara, kwa sababu samaki wakubwa wanaokula wenzao hujilimbikizia zebaki. Na asimeze mafuta ya ini la samaki bila ushauri, maana yana vitamini A nyingi ambayo ikizidi humdhuru mtoto tumboni. Dagaa hawana tatizo hilo la zebaki. Wanaishi muda mfupi, wanakula chini kabisa ya mnyororo, na kwa kuwa huliwa wazima huleta pia kalsiamu, chuma na zinki.

Dagaa mwaloni

Dagaa wa Ziwa Victoria, ambao Kenya huitwa omena na Uganda mukene, huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Alfajiri mitumbwi inapofika mwaloni, thamani ya dagaa hao huamuliwa na saa chache zinazofuata. Wakianikwa kwenye chanja wakati jua ni kali, jioni wanakuwa wamekauka. Wanang'aa kama fedha, wanakatika kwa mlio, na harufu yao ni safi. Wakianikwa mchangani, au mvua ikiwakuta, matumbo hupasuka, rangi hugeuka manjano kisha kahawia, na ukimtafuna mmoja unasikia uchungu kooni.

Uchungu huo ni omega-3 iliyoharibika. Vile viungo vitano vya EPA na sita vya DHA vinavyoifanya iwe laini na ya kufaa kwa ubongo ndivyo hewa ya oksijeni inavyovishambulia kwanza. Dagaa waliochacha huuzwa kwa bei ya chini kuwa chakula cha kuku, na hata wazuri wengi huishia kwenye viwanda vya chakula cha mifugo. Tunasafirisha minofu ya sangara Ulaya, tunasaga dagaa kwa ajili ya mabanda, kisha tunaagiza vidonge vya mafuta ya samaki kutoka ng'ambo ili tuwauzie akina mama wa mijini. Jambo hili linaniuma, na naamini linaweza kurekebishwa.

Nyumbani pia upo uharibifu. Dagaa wakikaangwa kwenye mafuta mengi hadi wakauke hupoteza sehemu ya omega-3 na kunywa omega-6 ya mafuta. Waliochemshwa na nyanya na kitunguu, au kuungwa kwa nazi, hubaki na faida yao. Kwa mtoto aliyetimiza miezi sita, dagaa safi waliotolewa mchanga na kusagwa huongezwa kwenye uji. Unga huo usagwe kidogokidogo na uwekwe kwenye chombo kilichofunikwa, mbali na mwanga.

Wasiokula samaki

Wapo kati yetu wasiokula samaki kwa imani au kwa hiari, wakiwemo baadhi ya Wasabato, Wahindu na Marastafari. Hawa wasitishwe. Mwili wao hujitengenezea omega-3 ndefu, nao wanaweza kuusaidia kwa kutumia mafuta ya kanola au soya mahali pa alizeti na kula kitani au chia zilizosagwa. Kitani nzima hupita tumboni bila kufunguka. Mama mjamzito wa kundi hili ana njia nyingine ya uhakika, nayo ni mafuta ya mimea midogo ya majini inayooteshwa kwenye matangi kiwandani. Yana DHA ileile ya samaki, bila samaki.

Tunachopaswa kufanya

Namaliza kwa mambo manne, na ninayaelekeza kwa wanaohusika.

Kwa wizara za afya: ushauri wa kliniki ya wajawazito utaje dagaa au samaki wadogo wengine kwa jina, mara mbili au tatu kwa wiki, pamoja na namna ya kuwapika. Kumwambia mama ale mlo kamili tu hakumsaidii anapofika sokoni.

Kwa mamlaka za uvuvi na halmashauri za kandokando ya maziwa: chanja za kukaushia ziwe miundombinu ya umma kama zilivyo barabara za kufika mwaloni, na dagaa wa binadamu wapangiwe daraja na bei inayomlipa mwanamke anayewaanika vizuri.

Kwa mashirika ya viwango: chupa ya mafuta ya kupikia ionyeshe kiasi cha omega-3 na omega-6 kwa namba zinazosomeka.

Kwenu wanafunzi wangu: pimeni. Dagaa wa Kigoma, dagaa wa Mwanza, dagaa wa Unguja na vibua wa pwani, wabichi na wakavu, wa mwezi wa jua na wa masika, kila mmoja ana hesabu yake ya omega-3, na hesabu hiyo inamhusu mama anayepimiwa kopo moja sokoni akiwa na fedha ya kununua kitu kimoja tu. Mpeni jibu analoweza kulitumia siku hiyohiyo.